Kurasa sita za John Bell: maswali yenu kuhusu makala, marejeo na maisha ya utafiti

Toleo lililopita tuliandika mistari michache kuhusu John Stewart Bell, mwanafizikia mzaliwa wa Belfast. Makala yake ya mwaka 1964 ilikaa karibu miaka mitano bila kushughulikiwa, kisha ikaja kuwa miongoni mwa makala zinazorejelewa mno katika fizikia nzima. Barua zilizokuja baada ya hapo haziulizi fizikia peke yake. Zinauliza pia marejeo, yaani mara ambazo makala inatajwa na makala nyingine, huhesabiwaje, nani anayahesabu, na kijana anayeanza utafiti aifanyie nini namba hiyo. Tumejibu saba.

Wahariri, hamjambo. Mliandika kwamba Bell "alithibitisha Einstein alikosea". Ningependa kuwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha sita hesabu yenyewe. Inawezekana bila hisabati ya chuo kikuu?
*Mwalimu wa fizikia, Morogoro*

Hatujambo, Mwalimu. Sentensi yetu ile ilikwenda mbali mno, na tunairekebisha hapa. Mwaka 1935 Einstein, Podolsky na Rosen walidai kwamba nadharia ya kwanta, ile inayoeleza atomi, mwanga na chembe ndogo, haijakamilika: chembe mbili zilizotoka pamoja lazima ziwe zimebeba majibu yao tangu mwanzo, ila nadharia haiyaoni. Bell hakulidharau dai hilo. Alionyesha kwamba likiwa kweli, na kama kipimo cha huku hakiwezi kugusa cha kule papo hapo, basi matokeo ya maabara hayawezi kuvuka kikomo fulani. Nadharia ya kwanta inakivuka. Tangu siku hiyo jambo hilo likawa la kupima, si la kubishania tu.

Hesabu inatosha ubao mmoja. Weka vituo viwili, kila kimoja na kichujio cha mwanga kinachoweza kugeuzwa. Fotoni moja, yaani chembe ya mwanga, inakwenda kushoto, mwenzake kulia. Kila kituo kina mielekeo miwili ya kichujio: ya kushoto iite a na a′, ya kulia b na b′. Fotoni ikipita andika +1, ikizuiwa andika −1.

Sasa chukulia kila fotoni imebeba majibu yake tayari: ya kushoto A na A′, ya kulia B na B′. Tazama A × (B − B′) + A′ × (B + B′). Kwa kuwa B na B′ ni +1 au −1, mabano ya upande mmoja lazima yawe sifuri na ya upande wa pili yawe +2 au −2. Basi kila jozi inatoa +2 au −2, na wastani wa jozi elfu au milioni hauwezi kuzidi 2. Wape wanafunzi dakika kumi wajaribu michanganyiko yote 16, wajionee.

Upande wa kwanta: kwa jozi ya fotoni zilizofungamana, yaani zilizotoka pamoja zikawa na hali moja ya pamoja, wastani wa kuzidisha majibu mawili ni cos 2θ, ambapo θ ni pembe kati ya vichujio viwili. Chagua a = 0°, a′ = 45°, b = 22.5°, b′ = 67.5°. Jozi tatu za vichujio zinatofautiana kwa 22.5°, kwa hiyo kila moja inatoa cos 45°, yaani 0.707. Jozi ya a na b′ inatofautiana kwa 67.5°, inatoa cos 135°, yaani −0.707, na hiyo ndiyo inayotolewa badala ya kujumlishwa. Jumla ni 0.707 mara nne: 2.828. Kikomo cha 2 kimevukwa.

Kosa la kuangalia ni moja hasa. Mwanafunzi akisahau ile 2 iliyo mbele ya θ atapata 2.39, nayo bado inazidi 2, kwa hiyo kosa linajificha na kila mtu anaondoka ameridhika. Mwambie kila mmoja aandike thamani nne kabla ya kujumlisha. Hakikisha pia kikokotoo kiko kwenye digrii. Kama kitabu chenu kinatumia spini ya elektroni badala ya fotoni, ile 2 haipo, na pembe zote zinakuwa maradufu.

Mwaka 1982 Alain Aspect na wenzake huko Orsay, Ufaransa, walipima namba hii na kupata 2.697, kwa wasiwasi wa 0.015 juu au chini. Haikufika 2.828 kwa sababu vichujio vya kweli huvuja kidogo na havioni kila fotoni sawasawa. Walikuwa wamekokotoa mapema kwamba kwa vifaa vyao wangetarajia 2.70.

Shikamooni. Msimamizi wangu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Makala ya Bell ilikuwa njema na haikujiuza. Kwa nini?
*Mwanafunzi wa uzamivu, Dar es Salaam*

Marahaba. Swali lako ndilo kiini cha barua zote tulizopata, kwa hiyo tutakaa nalo.

Sababu ya kwanza ni jarida. Bell alikuwa Marekani kwa likizo ya utafiti, mgeni wa Stanford. Jarida kuu la fizikia la huko, Physical Review, lilitoza ada kwa kila ukurasa, na ada ile ililipwa na taasisi ya mwandishi. Hakutaka kuwaomba wenyeji wake walipie makala iliyokuwa nje ya kazi iliyompeleka pale. Akaipeleka kwenye jarida jipya, Physics Physique Fizika, ambalo halikutoza ada. Liliipokea tarehe 4 Novemba 1964, na ipo katika juzuu la 1, ukurasa wa 195 hadi 200. Jarida lenyewe lilikufa mwaka 1968, na maktaba zilizokuwa nalo zilikuwa chache.

Ya pili ni imani ya wakati ule. Kitabu cha John von Neumann cha mwaka 1932 kilikuwa na uthibitisho uliosomwa kama umefunga mlango: hakuna vigezo vilivyofichika, yaani majibu yaliyobebwa tangu mwanzo, nyuma ya kwanta. Grete Hermann alionyesha udhaifu wake mwaka 1935, hakusikilizwa. David Bohm alitoa mfano hai wa kinyume mwaka 1952, wengi wakaupita. Bell aliuchambua uthibitisho huo katika makala nyingine, ambayo aliiandika kabla ya ile ya 1964, lakini ilipotea katika mafaili ya ofisi ya jarida na haikutoka hadi 1966. Ukitazama tarehe za kuchapishwa tu, utadhani jibu lilitangulia swali.

Ya tatu ndiyo tunayoiona nzito kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa. Kanuni ya Bell ya 1964, yaani kile kikomo chake, ilidhani kwamba vichujio vikiwekwa mwelekeo mmoja, majibu ya pande mbili yanapatana bila kosa hata moja. Hakuna maabara duniani inayoweza kutoa hilo. Vigunduzi hukosa fotoni, vichujio huvuja. Mfanya majaribio aliyeisoma makala angevutiwa, kisha angeifunga, kwa maana hapakuwa na kitu cha kupima.

Hapo ndipo mwaka 1969 unapoingia. John Clauser, Michael Horne, Abner Shimony na Richard Holt waliandika upya kanuni hiyo bila sharti la upatanifu kamili, wakaeleza na kifaa cha kuipimia. Ile hesabu ya mabano tuliyompa Mwalimu hapo juu ni yao, si ya 1964. Mwaka 1972 Stuart Freedman na Clauser wakatoa kipimo cha kwanza huko Berkeley, kwa fotoni za atomi za kalsiamu, baada ya saa 200 hivi za kuhesabu. Aspect akafuata 1981 na 1982. Mwaka 1991 Artur Ekert akaonyesha kwamba kuvukwa kwa kikomo cha Bell kunaweza kulinda ufunguo wa siri wa mawasiliano. Makala ya kurasa sita ikahama kutoka mezani kwa wanafalsafa hadi kwa wahandisi wa usalama, na watu wa kuirejelea wakaongezeka kwa namna ambayo hakuna aliyeitabiri. Leo Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, inaonyesha zaidi ya marejeo 10,000.

Makala ya Einstein na wenzake ya 1935 iliamshwa na wimbi hilo hilo. Wanaochunguza marejeo huita makala za aina hii warembo waliolala. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015, uliopitia mamilioni ya makala, uliitaja ya 1935 kati ya zilizolala muda mrefu kisha zikaamka kwa kishindo.

Kwa hiyo msimamizi wako ana ukweli, lakini kwa makala yenye kitu cha kutumia mkononi. Katika tasnifu yako, penye kanuni mpya weka na namna ya kuipima: vifaa gani, kosa kiasi gani linavumilika, namba gani itakuonyesha umekosea. Bell alitoa wazo. Wale wanne wa 1969 walitoa mpini.

Hamjambo huko. Huyu bwana aliajiriwa kufikiria mambo haya, au alikuwa na kazi nyingine?
*Msomaji, Mombasa*

Hatujambo. Alikuwa na kazi nyingine kabisa, na aliifanya vizuri.

Alizaliwa tarehe 28 Julai 1928. Kabla ya kuwa mwanafunzi wa Queen's University ya Belfast alifanya kazi mwaka mmoja katika maabara ya chuo hicho hicho, akiwa fundi msaidizi. Alimaliza shahada ya fizikia ya majaribio 1948 na ya fizikia ya hisabati 1949, akaingia kwenye utafiti wa nyuklia wa Uingereza, ambako alifanya hesabu za mashine za kuharakisha chembe. Mwaka 1954 alimwoa Mary Ross, naye mtaalamu wa mashine hizo hizo. Mwaka 1960 wote wawili wakahamia CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyoko Geneva, na Bell akabaki hapo hadi kifo chake tarehe 1 Oktoba 1990.

CERN ilimlipa kwa fizikia ya chembe na mashine. Kanuni yake maarufu ilikuwa kazi ya pembeni. Na hata angekuwa hajaiandika, jina lake lingebaki: mwaka 1969 yeye na Roman Jackiw walieleza kwa nini chembe iitwayo pioni isiyo na chaji huvunjika kuwa fotoni mbili, ilhali hesabu za wakati ule zilisema jambo hilo lingekuwa adimu sana. Stephen Adler aligundua hilo hilo mwaka ule ule kwa njia yake, na hadi leo jambo hilo linaitwa kwa majina ya watatu hao. Wanafizikia wa chembe humrejelea Bell kwa makala hiyo bila kugusa ile ya 1964 hata mara moja. Ukijumlisha marejeo yake yote katika namba moja, unachanganya jamii mbili ambazo karibu hazisomani.

Bell aliijua hatari ya kuishi kwa kazi ya pembeni. Kijana Aspect alipokwenda Geneva katikati ya miaka ya 1970 kumweleza jaribio alilopanga, jambo la kwanza Bell alilomuuliza ni kama ana ajira ya kudumu. Alikuwa nayo, ya ualimu. Ndipo Bell akamtia moyo aendelee. Hakuwa anamkejeli. Clauser, aliyepima wa kwanza, hakupata uprofesa wa kudumu, na baadaye alifanya kazi katika maabara ya Lawrence Livermore.

Nahudumia watafiti katika maktaba ya chuo. Nikitafuta makala hii ya 1964 katika hifadhidata tatu napata namba tatu zinazoachana kwa maelfu. Ipi ya kweli?
*Mkutubi, Eldoret*

Zote ni za kweli kwa kile kila moja inachokihesabu. Google Scholar huhesabu karibu chochote chenye umbo la kitaaluma kilichoko kwenye intaneti: tasnifu, vitabu, rasimu, na wakati mwingine rasimu na toleo lake rasmi mara mbili. Web of Science huhesabu marejeo kutoka majarida iliyoyachagua tu. Scopus ilianza mwaka 2004, na orodha zake za marejeo kwa makala za zamani zinarudi hadi 1970. Kwa makala inayoanza kurejelewa miaka ya 1960, tayari kuna sehemu ya historia isiyoonekana.

Makala hii ina matatizo yake zaidi. Jarida linaitwa "Physics" tu katika orodha nyingi za marejeo, jina ambalo kompyuta hulichanganya na lolote. Wengine huongeza mji, wengine huandika jina refu la lugha tatu. Mwaka huandikwa 1964 na wengine, 1965 na wengine. Makala za zamani hazikuwa na namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha makala, ya kuziunganisha. Tena mwaka 1987 Cambridge ilichapisha mkusanyo wa makala za Bell, na maelfu ya watu hurejelea kitabu hicho badala ya makala yenyewe. Marejeo hayo yanakwenda kwa kitabu.

Kuna na yasiyoonekana popote. Kati ya 1973 na 1984 mabishano makali kuhusu kanuni ya Bell yalifanyika katika kijarida kilichorudufiwa huko Uswisi, Epistemological Letters, ambacho Bell, Shimony na Clauser wote walikiandikia. Kilitumwa kwa posta kwa waliokiomba. Hifadhidata za marejeo hazikukihesabu. Anayechora mchoro wa marejeo ya miaka ile ataona ukimya mahali palipokuwa na kelele nyingi.

Kwa mtafiti anayekuja mezani kwako, fanya hivi. Katika Web of Science usitumie sanduku la kawaida. Nenda sehemu ya kutafuta kwa rejeo lililotajwa, andika Bell JS, kisha neno Physics likifuatwa na nyota, miaka 1964 hadi 1965. Utaona mistari mingi ya makala ile ile. Weka alama yote yenye juzuu 1 na ukurasa 195, ndipo uombe jumla. Usikubali mstari wenye ukurasa mwingine mpaka uufungue uone. Mwishoni aandike namba pamoja na jina la hifadhidata na tarehe aliyotafuta. Namba isiyo na tarehe mwakani haitamsaidia mtu.

Tume ya kupandishwa cheo imeniomba kielezo-h. Kinahesabiwaje, na ngapi inatosha?
*Mhadhiri msaidizi, Bujumbura*

Panga makala zako kuanzia iliyorejelewa sana hadi iliyorejelewa kidogo, uzipe nafasi 1, 2, 3 na kuendelea. Shuka hadi nafasi ya mwisho ambayo marejeo yake hayapungui namba ya nafasi. Hiyo ndiyo h.

Mfano wenye makala kumi: 31, 22, 15, 9, 7, 6, 6, 3, 1, 0. Nafasi ya 6 ina marejeo 6, inapita. Nafasi ya 7 ina 6, haipiti. Kwa hiyo h ni 6, ingawa jumla ya marejeo ni 100. Sasa badilisha ile 31 iwe 3,100. Kielezo-h kinabaki 6 vile vile. Kipimo hiki hakioni kilele. Mtu mwenye makala moja iliyobadilisha fizikia na tano za kawaida anafanana na mwenye sita za kawaida.

Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, ndiye aliyekipendekeza, mwaka 2005, akiwafikiria wanafizikia. Alisema kwa vyuo vikubwa vya utafiti vya Marekani 12 hivi ingefaa kwa ajira ya kudumu na 18 hivi kwa uprofesa kamili. Alisema pia kwamba kwa mwanafizikia mwenye miaka 20 ya utafiti, 20 ni mafanikio mazuri. Namba hizo zilipimwa kwa fizikia ya mahali pale na wakati ule. Mwanahisabati hurejelewa kidogo kuliko mwanafizikia, na mtaalamu wa tiba hurejelewa zaidi. Hata ndani ya fizikia kuna tofauti kubwa: mwaka 2015 makundi mawili ya CERN yalichapisha pamoja kipimo cha uzito wa chembe ya Higgs, makala yenye waandishi 5,154. Kila mmoja wao alihesabiwa rejeo zima kwa kila rejeo. Usilinganishe h ya mmoja wao na ya mtu anayeandika peke yake kwa kalamu na karatasi.

Ngapi inatosha kwako? Soma mwongozo wa chuo chako neno kwa neno, maana mingi huhesabu alama za machapisho na haitaji h hata kidogo. Kama tume inaitaka, wape tatu kwa pamoja: h, hifadhidata uliyotumia na tarehe, na miaka tangu makala yako ya kwanza. Ongeza aya fupi ya makala mbili au tatu ukieleza nani amezitumia kufanya nini. Aya hiyo ina uzito kuliko namba, na wajumbe wengi hufurahi kuipata.

Tahadhari moja tunaitia mkazo: kipimo cha athari cha jarida si kipimo chako. Ni wastani wa jarida: marejeo ya mwaka mmoja kwa kila makala ya miaka miwili iliyotangulia. Jarida lililochapisha makala 40 mwaka 2021 na 60 mwaka 2022, zikarejelewa jumla mara 250 mwaka 2023, lina kipimo cha 2.5 kwa mwaka huo. Ndani yake kunaweza kuwa na makala tatu zilizobeba marejeo 200 na nyingine nyingi zenye sifuri. Jarida lililomchapisha Bell lilikufa kabla vipimo hivyo havijaanza kutolewa kila mwaka, kwa hiyo halikuwahi kuwa na hata kimoja.

Naanza uzamili wa fizikia ya kwanta. Nifanye nini sasa ili kazi yangu ionekane, bila kujipendekeza?
*Mwanafunzi, Kigali*

Karibu sana, na upo mahali pazuri. Chuo Kikuu cha Rwanda kina taasisi ya utafiti wa msingi ya Afrika Mashariki, EAIFR, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, ambacho Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964. Hudhuria semina zao hata kama mada si yako.

Kwanza, jina. Chagua tahajia moja na usiibadilishe maisha yako yote ya uandishi. Hapa kwetu ndipo tunapopoteza marejeo mengi: Mohamed leo, Mohammed kesho, majina matatu katika makala ya kwanza, mawili katika ya pili. Kompyuta huchukua jina la mwisho kuwa la ukoo, hata kama ni la babu, na inaona watu wawili. Fungua ORCID, kitambulisho cha mtafiti, kabla ya makala ya kwanza. Ni bure, inatoa namba ya tarakimu 16, nayo inakufuata hata ukibadili chuo.

Pili, weka rasimu kwenye arXiv, hifadhi ya wazi ya rasimu mtandaoni, katika sehemu ya fizikia ya kwanta, quant-ph, iliyoanza Desemba 1994. Anayeweka kwa mara ya kwanza anaweza kuhitaji kuidhinishwa na mtu mwenye makala pale. Mwombe msimamizi, wiki mbili kabla, si usiku wa kutuma. Makala ikishatoka jaridani, rudi arXiv ujaze DOI yake. Watu husahau hatua hii, na marejeo yanagawanyika kati ya rasimu na toleo rasmi.

Tatu, wasifu wa Google Scholar. Zima kuongeza makala moja kwa moja, la sivyo utajazwa kazi za watu wenye jina kama lako. Zilizojirudia ziweke alama uziunganishe.

Kuhusu majarida, ada isikutishe. Majarida mengi ya vyama vya fizikia bado yana njia isiyomtoza mwandishi, na jarida la Quantum la Vienna lina msamaha kwa asiyeweza kulipa. Anayekuandikia barua pepe akuahidi kukubaliwa kwa siku tano baada ya kulipa, mwache. Tazama kama wahariri waliotajwa wana makala za kwanta kweli, na kama DOI zao zinafunguka.

Kujirejelea mwenyewe si dhambi pale kazi mpya inaposimama juu ya ile ya zamani. Kubadilishana marejeo na rafiki ni udanganyifu, na majarida hubaini. Kinachokuletea marejeo halali ni kuacha vitu vinavyotumika: jedwali la pembe zako, data ghafi, programu uliyoandika na maelezo ya kuiendesha. Mwenzako wa nchi nyingine akiweza kurudia hesabu yako mchana mmoja, atakutaja.

Bell alikosa Nobel. Nianze kusoma nini chake?
*Msomaji, Muscat*

Tuzo ya mwaka 2022 ilikwenda kwa Aspect, Clauser na Anton Zeilinger, kwa majaribio yaliyopima kanuni yake. Yeye alikuwa amefariki miaka 32 kabla, na Nobel haitolewi kwa marehemu.

Usianze na makala ya 1964. Ni fupi, lakini inadhani unaijua spini na hoja ya 1935. Anza na ile ya 1981 kuhusu soksi za Bertlmann. Reinhold Bertlmann alikuwa mwenzake CERN, na kila siku alivaa soksi mbili za rangi tofauti: ukiona mguu mmoja una ya waridi, unajua mara moja wa pili hauna. Bell anauliza chembe zilizofungamana zina tofauti gani na soksi hizo, na anajibu kwa hesabu ambayo aliyemaliza sekondari anaweza kuifuata akiwa na kalamu. Ukifika kwenye mchoro wa sanduku refu lenye vifaa katika ncha zake mbili, simama uuchore mwenyewe kabla ya kuendelea. Kisha rudi kwenye zile kurasa sita.